Kidole cha Marehemu

Mama mfagizi alikwishapiga deki ofisi nzima ya vizazi na vifo na kufuta kiti cha karani, ndipo akajipanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika aliweka kidole gumba kwenye mashine, nayo ikasema kile kile ilichosema jana na juzi: marehemu.

"Mama, mfumo unakataa," karani alisema, macho kwenye simu yake.

"Mwanangu, si unaniona?"

"Mimi nakuona. Mfumo haukuoni."

Kosa lilikuwa la karani, na wote wawili walilijua. Mwaka jana mama huyu alikuja kuandikisha kifo cha mumewe, mashine ikagoma kuendelea bila kidole cha marehemu. Karani alikuwa na haraka zake. "Weka chako, mama, tumalize." Akaweka. Mume alikuwa na wiki mbili kaburini. Mke akazikwa siku hiyo, pale mezani, kwa kidole chake mwenyewe.

Sasa bintiye, aliyekuwa akisubiri nje na sare yake ya shule, alitakiwa apeleke cheti cha kuzaliwa ili aandikishwe mtihani wa mwisho. Orodha ilikuwa inafungwa leo saa kumi, na cheti hakitoki bila kidole cha mzazi aliye hai.

"Nenda wilayani ukaombe kufufuliwa," karani akasema. Watu wawili watatu wakacheka, naye akaona amenena. "Halafu pale mlangoni bado pana matope."

Hasira ilimpanda mama taratibu, na alifurahi kuiona inakuja. Alimchukia kijana huyu kwa kucha zake safi, na kwa kile kiti anachomfutia kila asubuhi. Alitaka aumie, aumie hasa, na hakuona pengine pa kumuumiza ila kwenye mashine yake.

Akaibeba mashine kwa mikono miwili, akaitumbukiza kwenye ndoo ya deki, akaikandamiza mpaka mapovu yakaisha.

"Haya, ita polisi," alisema. "Waambie waje wamkamate marehemu."

Karani hakupandisha sauti. Alipiga simu wilayani, akaahidiwa mashine nyingine wiki ijayo. Kisha akawageukia watu.

"Mtandao haujashika siku kumi na mbili. Niliowaandika siku hizo wote walikuwa ndani ya mashine hiyo, hakijatumwa kitu. Watoto wenu, maiti wenu, wote. Mshukuruni mama."

Akatia simu mfukoni, akachukua begi lake.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa shoga wa mama, jirani wa nyumba ya pili, kichanga mgongoni, amefuata cheti chake.

"Wangu alikuwa humo," shoga alisema. "Nilitembea mwendo wa saa nne kwenda kumchukulia karatasi ya hospitali. Mshono ulikuwa bado haujapona."

"Shoga, mimi nilikuwa namtaka yeye."

"Mbona umetupata sisi?"

Nyuma ya shoga watu walikuwa wanasogea. Wakampisha karani apite na begi lake, mmoja akamfungulia mlango. Mama hawakumpisha. Kwa nje bintiye alikuwa akimuuliza karani kama mashine imekubali.