Watu wa Misumari

Kila Jumamosi seremala alileta nyumbani robo kilo ya misumari ya inchi tatu, imefungwa kwa ukurasa wa kitabu. Mwenye duka aliuziwa vitabu hivyo na mwalimu mkuu, aliyekuwa akiimaliza maktaba ya shule kwa kilo, rafu baada ya rafu, bila kupepesa macho. Binti wa seremala aliimwaga misumari koponi, akaunyoosha ukurasa gotini, akasoma. Hakupata kuona mwanzo wa kitabu chochote, wala mwisho. Palipotobolewa na msumari alitia maneno yake, na mara nyingine yaliyapita ya mwandishi kwa utamu. Hilo hulisema mwenyewe, wala haoni haya.

Alipotimiza miaka thelathini, watu wa kurasa zile wakaanza kubisha hodi. Wa kwanza alikuwa mpima ardhi wa ukurasa wa 41, anachechemea, goti lina tundu linalopitisha mwanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niliachwa katikati ya mto. Miaka ishirini maji yananifika kiunoni. Hivi nilivuka?"

"Keti kwanza, nitakwambia."

Akaandika hadi adhuhuri. Mpima ardhi alipofika ng'ambo, tundu likaziba. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Kesho yake walikuja tisa, wamepanga foleni kwa namba za kurasa.

"Wageni wako wamenimalizia viti," seremala akalalamika.

"Tengeneza benchi, baba."

Akatengeneza.

Wachapishaji wawili aliowapelekea maandishi yake walimjibu binti kwamba mtu ambaye hajamaliza kusoma hata kitabu kimoja hawezi kuandika chake. Aliogopa kwamba wamesema kweli. Wa tatu alikuja mwenyewe kumkatalia ana kwa ana. Akakuta benchi limejaa, akakaa mwishoni, akasikiliza kila mgeni akisomewa mwisho wake. Zamu yake ilipofika alikuwa ameshalowa machozi, na mkataba ameutoa mfukoni.

Kitabu kilizinduliwa katika ukumbi wa shule. Watu walijaa hadi madirishani. Seremala, asiyejua kusoma, alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mwalimu mkuu alihutubia kuhusu thamani ya vitabu, akachukua nakala hamsini za maktaba.

Jumamosi iliyofuata seremala alirudi na misumari mkononi, haina karatasi.

"Karatasi nimempa jirani, mke wa mwashi, alikuwa anaikodolea macho," akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Ilikuwa ya kitabu chako, mama. Jina lako nalijua hata likiwa kichwa chini."

Ilimuuma binti, akasema imemuuma. Dirishani akamwona mshona viatu wa ukurasa wa 112, aliyemtunga mwenyewe, bega lina tundu. Akaenda kumfungulia mlango. Mshona viatu akapita bila hata salamu, akabisha hodi kwa mwashi.

Punde mke wa mwashi akaja mbio.

"Dada, nina mgeni. Naomba kalamu."

Binti akacheka kwa sauti, akampa mbili. Seremala akaitazama misumari mkononi mwake, akaenda kutafuta mbao za benchi jingine.