Eda Iliyotikiswa

Mwamba ulikatika chini ya bahari, mbali kusini mwetu, na mwenye kosa nikawa mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa ili anayenisikiliza ajue kwamba bado nina hasira.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 2020, Jumatano, mara baada ya Isha. Mume wangu Masoud alikuwa amefariki Ramadhani, kisukari kilimmaliza, nami nilikuwa nimekaa eda nyumbani kwao, ghorofa la zamani la mawe hapa Bagamoyo. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Sikunung'unika, kwa sababu Masoud alinipenda na eda ilikuwa haki yake. Nilibakiza mwezi mmoja tu.

Mwezi huo niliuhesabu kwa vidole, na si kwa kuchoka kukaa ndani. Mama yangu alikuwa taabani kule Kiwangwa. Moyo ulikuwa umepanuka, miguu imevimba, kupanda gari hawezi. Dada yangu Mwaija alinipigia simu kila asubuhi kunieleza kwamba mama haombi dawa wala chakula, anauliza tu Nadhira anatoka lini. Tulimjibu kwamba ni mwezi wa tisa. Akasema atasubiri.

Basi siku hiyo nipo juu, namkanda miguu mama mkwe wangu, Bi Batuli, ambaye hatembei bila kushikwa. Kitanda kikasogea. Nikadhani ni yeye, naye akadhani ni mimi. Mara vyombo kabatini vikaanza kugongana, chokaa ikamwagika kutoka darini, na ukuta wa upande wa barabara ukatoa mlio ambao sijawahi kuusikia. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nimefundisha matetemeko ya ardhi miaka kumi na mmoja, na nakiri kwamba wakati ule sikukumbuka hata neno moja la somo langu. Nilichojua ni kwamba nyumba ya mawe ikishuka haimbakishi mtu. Nilimbeba Bi Batuli mgongoni, nikashuka ngazi, nikatoka naye hadi barabarani. Mtandio wangu ulinaswa na msumari njiani, nikauacha.

Nje nilimkuta shemeji yangu Mikidadi, mdogo wake Masoud. Yeye alikuwa chini anakula. Alitoka wa kwanza, mkono mmoja umeshika msuli usimvuke, mkono wa pili una kipande cha samaki. Mama yake mzazi alikuwa juu, na ngazi ni kumi na nane, wala hakupanda hata moja. Wanaume waliokuwa wanatoka msikitini walituona wote watatu.

Ardhi ilitulia kabla hatujapumua vizuri. Nyumba haikuanguka, ilipata ufa tu. Nilimrudisha Bi Batuli kitandani, nikafagia chokaa, nikajua yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Ijumaa Mikidadi alikuja kuniambia kwamba nimevunja eda, kwa kuwa nimetoka nje kichwa wazi mbele ya wanaume. Ukoo umekaa na umeona nianze upya, siku ya kwanza, miezi minne na siku kumi. Akaongeza kwamba mtaani watu wanasema ardhi imetikisika kwa sababu ya mjane asiyetulia, kila asubuhi yupo kwenye simu. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia alete sheikh.

Sheikh Alawi alikuja Jumamosi. Wanaume walikaa sebuleni, Bi Batuli mkekani karibu nao, na mimi nyuma ya pazia. Mikidadi alianza na habari ya yule ng'ombe aibebaye dunia kwenye pembe, kwamba akichukizwa na dhambi huihamishia pembe ya pili. Mtu mzima, ana simu ya kisasa mfukoni, anamsingizia ng'ombe.

Nikawaeleza kama ninavyowaeleza kidato cha tatu. Kwamba ardhi tunayoikalia ni mabamba makubwa ya mwamba, na mabamba hayo yanatembea. Kwamba Madagaska ilikuwa imegandana na pwani ya Afrika Mashariki, ikang'oka na kuteleza kusini zamani kabla hajaumbwa mtu, na sakafu ya bahari iliyofunguka katikati bado ina makovu. Kwamba hata leo upande wetu huu unajitenga na Afrika iliyobaki, polepole kuliko kucha inavyoota, na mwamba ukivutwa miaka nenda miaka rudi, siku moja hukatika. Ulianza kuvutwa kabla Bagamoyo haijawa na nyumba hata moja. Niliwauliza ni simu yangu ipi iliyofika huko.

Sheikh Alawi alisema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo na haianzwi upya, na anayekimbia hatari ana ruhusa ya kutoka. Mikidadi akajibu kwamba hiyo ndiyo sheria na wanaiheshimu, ila nyumba hii ina ada zake.

Nilibaki na shahidi mmoja, Bi Batuli.

"Mama," nikasema, "ulitaka nikuache juu?"

Akasema, "Ulifanya vyema kunibeba, mwanangu. Lakini watu wamekuona. Anza upya, maneno yaishe."

Sheikh alivaa viatu vyake akaondoka. Nilibaki nyuma ya pazia. Mgongo ulikuwa bado unaniuma kwa uzito wake, na yeye alikuwa ameyaogopa maneno ya mtaa kuliko alivyoogopa ukuta.

Sikuanza upya. Niliendelea na hesabu yangu. Kwetu eda ikiisha, wanawake huja alfajiri kumwogesha mjane, wakamvika nguo mpya na kumfukiza udi. Siku yangu ilipofika mwezi wa tisa, hakuja mtu. Nilichota maji nikaoga peke yangu, nikavaa gauni la zamani, nikaenda kumwamkia Bi Batuli. Aligeukia ukutani. Mikidadi alikuwa amesimama mlangoni, akasema nikitoka nisirudi.

"Jumatano ile ulipita mlango huu bila kumwuliza mtu," nikamwambia. "Nipishe, shemeji."

Akanipisha.

Kiwangwa nilifika adhuhuri. Mama alikuwa amelala chali, mdogo kuliko nilivyomwacha. Swali lake la kwanza lilikuwa nani ameniogesha. Nikasema nimejiogesha. Alimwamuru Mwaija amkalishe na alete bakuli la maji na kikombe cha kuchotea. Kikombe hakuweza kukiinua, ikabidi nimshike mkono, akanimwagia kichwani mara tatu, mkeka wote ukalowa.

"Sasa umetoka, mwanangu," akasema.

Nililia pale, nikamlilia Masoud kama siku ya kwanza, na hasira haikupungua hata chembe.

Mama aliishi siku tisa baada ya hapo, na zote nilikuwa naye. Kwa hesabu ya Mikidadi, siku tulipomzika ningekuwa bado nimefungiwa ndani, siku ya arobaini na moja ya eda mpya.