Fomu ya Kuridhika

Siku pesa za Metrine zilipotolewa kwenye mashine ya benki kule Mombasa, yeye alikuwa amelazwa Migori, upande wa pili wa nchi, akijifungua kwa upasuaji. Zilikuwa akiba yake yote aliyoipata kwa kushona nguo Isebania. Alirudi benki mara ya nne, mtoto mgongoni, barua ya hospitali mkononi.

"Namba yako ya siri ndiyo iliyotumika, mama," afisa alisema bila kuisoma barua. "Kwetu sisi, ni wewe uliyetoa."

"Siku hiyo nilikuwa nimepasuliwa tumbo."

Afisa akamsogezea fomu atie sahihi kwamba ameridhika na majibu. Metrine akaandika, "Sijaridhika." Afisa akaichana, akamwekea nyingine.

Metrine aliondoka bila kuigusa. Wiki hiyo aliuza cherehani.