Sindano ya Mafua Kisiwa Panza

Asya alipoketi matangani kwa Mzee Shaame, wanawake wawili waliokuwa kwenye mkeka ule walijisogeza mbali naye. Hakuna aliyemtukana. Mmoja alisema tu, kana kwamba anaongea na kikombe chake: "Mtu katoka kwake mzima, kaenda kudungwa sindano ya mafua, siku ya tatu kazikwa."

Asya alikuwa akijitolea kazi za afya hapo Kisiwa Panza. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazee kwamba mafua makali huwaondoa watu wa umri wao, na kwamba chanjo imeletwa. Mzee Shaame alikataa mara mbili. Mara ya tatu Asya alimbembeleza hadi akakubali, akamsindikiza mpaka kwenye foleni, kisha akarudi kuwafuata wengine.

Hitima ilipopita, alikwenda kituo cha afya kwa Nesi Rahma. Timu ya chanjo ilikuwa imeliacha daftari lake pale, na hakuna aliyekuwa amelifungua. Rahma alipitisha kidole mpaka kwenye jina la marehemu, akasoma: presha juu mno, kifua kinambana, hakuchanjwa, avuke leo hii kwenda hospitali.

Asya alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanabaraka, mjane wa marehemu, aliyekuwa ndani amekaa eda.

"Shikamoo, bibi. Mzee hakuchomwa sindano."

"Marahaba. Najua." Bi Mwanabaraka hakushtuka. "Aliniambia aliporudi. Akasema hospitali haendi, na nisimwambie mtu, watoto wasije wakamvusha kwa nguvu. Miaka arubaini na sita namtii, mwanangu. Nikamtii na hilo."

"Na mimi je? Watu wanasema nimemuua!"

"Nikisema, wanangu wataniuliza kwa nini nilinyamaza."

Asya alikuwa kaja na hasira tele, sasa hakujua aimwage wapi. Akatoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye timu ilirudi. Hadi adhuhuri walikuwa wamefika wazee wawili tu. Bi Mwanabaraka aliposikia hivyo, aliagiza Nesi Rahma aje kwake, na majirani waitwe, na Asya pia.

Chumba kilipojaa, alipandisha mkono wa gauni lake. "Nichome. Mume wangu hakuuliwa na sindano, hakudungwa hata moja. Aliambiwa aende hospitali, akakataa, nami nikaficha. Asya hana kosa."

Tatu, binti yake mkubwa, alimtazama mama yake, akainuka, akatoka.

Asya alikuwa akiliomba neno lile tangu siku ya matanga, lakini alipolisikia hakuona nafuu. Alisogea, akaketi karibu na bibi wakati sindano ikiingia, na wote wawili wakamsikia Tatu analia uani.