Kasa Mwenye Uso wa Mama

Asubuhi ya maonyesho, fundi cherehani alifika ufukweni na chupa ya maji na sindano ya kushonea magunia, ile aliyoitumia kumchora kasa wake magamba. Sanamu za mtaa mzima zilikuwa zimepangwa kwenye meza kando ya njia mpya ya matembezi, kila moja imefunikwa kitambaa kilicholowa ili udongo usipasuke. Mada ilikuwa viumbe wa baharini. Udongo ulipaswa kutoka mtoni, lakini gari la kamati liliharibika, watu wakaona taabu ya nini, wakachimba pale pale ukingoni mwa maegesho.

Alipofunua kitambaa, kasa alikuwa na uso wa mama yake.

Hakikukosekana kitu: kidoti chini ya jicho, pengo la mbele, na ule mdomo wa mtu aliyeonja chai akakuta sukari haijakolea. Miguu tu ndiyo iliyobaki ya kasa.

Kwenye meza ya jirani, kaka yake, kinyozi, alikuwa akimpangusa pweza wake chembe za mchanga.

"Wangu katokea babu," alisema. "Mikono minane, na bado analalamika hana wa kumkuna mgongo."

"Shikamoo, babu," alisema fundi.

"Marahaba," aliitikia pweza.

Mstari mzima watu walikuwa wakifunua na kujuliana hali. Mwenye duka la dawa, aliyefinyanga papa, alikuwa ameshaanza kugombana na shangazi yake.

Miaka kadhaa nyuma, mwenyekiti wa kamati ndiye aliyesimamia kuhamishwa kwa makaburi ili maegesho yapate nafasi. Aliwaapia watu kwamba kila marehemu amepelekwa nyuma ya kilima kwa heshima zote, na huko kila familia ikaonyeshwa kaburi lake. Tangu hapo fundi hakukosa kwenda kupalilia. Akimaliza alikaa chini akayangoja machozi, nayo hayakuja hata la kusingizia. Kaka yake alimtania kwamba ana macho ya kuazima. Alicheka naye, lakini akirudi nyumbani alijiogopa. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote, na mbele ya kaburi lake alikuwa akiwaza zipu na vifungo.

"Mama," aliuliza sasa, "uko wapi?"

"Pale pale mliponiweka, mwanangu. Saa hizi nina gari jeupe kifuani."

"Nyuma ya kilima hukuwahi kufika?"

"Nikafanye nini huko? Simjui mtu."

Fundi alihisi mzigo ukimshuka mabegani. Kumbe hakuwa na moyo wa jiwe. Muda wote huo alikuwa akipalilia majani matupu, na nani alishawahi kulilia majani? Alicheka mpaka kaka yake akamsogezea kiti.

Mwenyekiti alipita na majaji.

"Shikamoo, mama," alimwambia kasa.

Hakuitikiwa. Alikitazama kidoti, akayatazama maegesho, kisha akasema kazi ni nzuri ila uso hauendani na mada. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa pomboo wa mabati, sanamu pekee isiyo ya udongo. Katika hotuba yake, mwenyekiti alitangaza kwamba maegesho yatapanuliwa, maana wageni wamekuwa wengi. Watu walipiga makofi kwa mazoea. Pweza, na mikono yake yote minane, hakupiga hata kofi moja.

Fundi hakuisubiri hotuba iishe. Alikwenda maegeshoni, akakaa chini kando ya gurudumu la gari jeupe, na machozi yakaja yenyewe, mengi, ya moto, kama yaliyokuwa yakimsubiri pale siku zote.

Mlinzi alimwendea. "Dada, unamngoja mwenye gari?"

"Hapana. Nimekuja kwa mama."

"Haya, pole. Sogea kidogo basi, kuna gari linaingia."

Alisogea. Gari likaingia, likazima. Akarudi kukaa pale pale, akaendelea kulia kwa raha zake.