Pumzi ya Kamanda

Niseme mapema: Kamanda ni mimi. Siyo yule jamaa mwenye kidevu unayemwona kwenye runinga, yule ana sura tu. Sauti inayomtoka, ile inayowafanya watu waache vyombo kwenye sinki wakimbilie sebuleni, ni yangu. Ilikuwa yangu. Mnisamehe, hiyo "ilikuwa" bado inanikwama kooni.

Kazi yangu ni kutia sauti. Tamthilia zinakuja na lugha za kwao, sisi tunazisemesha Kiswahili. Studio yetu ni chumba kimoja nyuma ya karakana ya makochi, na kuta zake zimebandikwa sponji ileile wanayojazia makochi. Taa nyekundu ya mlangoni ikiwaka, mafundi wanaacha kugonga nyundo. Ikizimika, wanaendelea na shughuli zao. Humo ndani huingii na bangili, huingii na funguo mfukoni, wala huingii na njaa, maana tumbo likinguruma maiki inalinasa na kazi inarudiwa. Nimekaa humo miaka kumi na tisa. Nimekuwa polisi, nimekuwa daktari, nimekuwa mbwa mara mbili. Halafu ikaja Meli ya Vumbi, tamthilia ya chombo cha anga kilichopotea na watu mia tatu ndani yake. Nikapewa Kamanda, na kwa mara ya kwanza nikaona kazi yangu ina maana.

Sasa, yule jamaa wa kwenye picha, kwa lugha yake, ana kisauti chembamba utadhani anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Mimi ndiye niliyempa uzito. Nikamwongezea na kitu ambacho kwao hakipo kabisa: kabla ya kutoa amri anashusha pumzi puani, fupi tu, kama mtu aliyetua mzigo. Hiyo pumzi hakuniambia mtu. Niliitafuta mwenyewe, nikaipata, na mashabiki wakaipenda kuliko maneno.

Msimu wa tano uliishia Kamanda akiwa nje ya chombo, mlango umefungwa, hewa imebaki ya dakika kumi na moja. Giza. Majina yakaanza kupanda. Tukaambiwa tusubiri mwaka mzima na zaidi. Kwa wengine hiyo ni starehe, wapate la kubishania. Kwangu ilikuwa roho mkononi. Kamanda akiwa hai, naitwa studio. Akiwa kafa, basi na mimi nimekwisha, maana mtu wa miaka hamsini na mbili hapewi tena sauti ya shujaa. Anapewa babu anayekohoa kitandani.

Nikajiunga na kundi la mashabiki kwenye simu. Nikajiita Abiria, hakuna aliyenijua. Kiongozi wao walimwita Profesa, kumbe ni fundi wa miwani, na kazi hiyo nadhani ndiyo iliyomwaminisha kwamba anaona mbali. Jamani, watu wale! Walisimamisha picha sekunde kwa sekunde. Eti kwenye kioo cha kofia ya Kamanda kuna vivuli viwili. Eti mlango ulifungwa na roboti. Kuna sehemu moja ya msimu wa nne niliirekodi nikiwa na mafua makali, sauti imekauka. Wale watu wakaandika kurasa na kurasa kwamba Kamanda keshaambukizwa vumbi la ile sayari, msikilizeni koo! Nilicheka hadi mke wangu akaja kuniangalia. Ndivyo walivyokuwa: hawakujua mpaka uko wapi kati ya tamthilia na mafua ya mtu.

Miezi ikaenda, studio kimya. Wakati huo ndani ya kundi wale wa "kafa" walikuwa wanawazidi nguvu wale wa "yu hai". Jumapili moja mchana, nipo zangu jikoni, mtu mmoja akaandika: "Afe tu apumzike. Na lile zee linalomtia sauti lipumzike pia, limechoka."

Zee! Limechoka!

Damu ikanichemka. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi sauti, nikashusha pumzi puani, nikasema kwa sauti yake: "Mlango haujanishinda. Bado napumua." Nikatuma. Ilinichukua sekunde sita kujipalia makaa.

Kundi likalipuka. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Huyu Abiria ndiye mtia sauti mwenyewe, kakasirika." Hapana. Walisema Abiria ana mtu studio, kaiba kipande cha msimu wa sita. Profesa akapima ile pumzi, akaandika kwamba haiwezi kuigwa, ni yenyewe. Kabla ya jioni ilikuwa imetiwa muziki na kusambazwa kila mahali: Kamanda yu hai, msimu mpya umevuja. Nami, mtu mzima ovyo, nikalala nimefurahi. Nilijiambia hao wenye tamthilia wakiona watu wanavyomtaka, watamrudisha.

Jumanne nikapigiwa simu na Madamu, mwenye studio. Nikavaa shati lisilo na vifungo vya chuma, nikanywa maji ya kutosha, nikaenda nikijua naitwa kazini.

Madamu alikuwa amekaa na bunda la karatasi mezani. Hakunikaribisha kiti. Alifungua simu yake nikajisikia: mlango haujanishinda, bado napumua.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Madamu, lakini sikuiba kitu. Sijaona hata ukurasa mmoja. Niliropoka tu."

"Najua hujaona," akasema. "Zimekuja jana." Akanisogezea lile bunda. Ukurasa wa kwanza, Kamanda. Wa pili, Kamanda. Sehemu zote kumi, Kamanda yupo. "Nilikuwa nikupigie kesho uje uanze."

Nikavuta kiti mwenyewe.

"Wenye tamthilia wamesikia," akaendelea. "Kwao hakuna cha kuropoka. Siri yao kubwa ya mwaka mzima, kama Kamanda kafa au hakufa, imetoka kwenye studio yangu kwa sauti ya mtu wangu, na ulitia saini karatasi ya kutunza siri. Wamesema utoke wewe, au kazi yote iondoke. Hapa tuko watu kumi na wanne."

"Waambie nilibahatisha! Madamu, nilibahatisha kama mashabiki wengine wote!"

"Nimewaambia. Nani ataamini?"

Nikamwuliza nani sasa atakuwa Kamanda. Akaangalia sponji za ukutani, akasema wataangalia. Nilipotoka nje wale mafundi wa makochi waliacha nyundo kwa heshima, na taa nyekundu haikuwa imewaka.

Hapa lazima nimtaje shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kijana hakuwa na mbele wala nyuma mpaka nilipomshika mkono nikampeleka studio. Nilimfundisha kusimama, kusoma midomo ya mtu kwenye kioo, kugeuza ukurasa bila kelele. Kwenye Meli ya Vumbi alikuwa anasema milango. Ndiyo, milango: "Mlango unafunguliwa. Mlango unafungwa." Na roboti wawili watatu. Baada ya mimi kufukuzwa, alikuwa akija kwetu anakula macho chini, anaaga mapema arudi kwa mkewe. Nikadhani ananionea huruma. Nikampenda zaidi, fikiria.

Siku msimu wa sita ulipoanza, tulikaa sebuleni jioni, mimi na mke wangu. Sikutaka kuangalia, lakini miguu haikutaka kuondoka. Ule mlango ukafunguka, Kamanda akaanguka ndani, akavua kofia. Akafumbua mdomo, na aliyesema alikuwa shemeji.

Nilimjua kwa neno la kwanza. Alikuwa ananiiga mimi. Hata pumzi ya puani aliitia, ila kaiweka mwishoni mwa amri badala ya mwanzo, ikawa kama mtu kachoka kupanda ngazi.

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Ulijua?"

"Aliniomba ninyamaze. Baba watoto, angekataa wangempa mtu baki. Afadhali imebaki nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" nikamwuliza. Kwa wiki nzima tuliongea habari za umeme na maji tu.

Sasa sikia mambo ya mashabiki. Mtu mwenye akili timamu akisikia sauti imebadilika atasema wamebadilisha mtu. Wao? Wapi! Profesa akaandika waraka mrefu: huyu aliyeingia mlangoni siyo Kamanda, ni nakala. Wa kweli kafungwa mahali, na ushahidi ni sauti. Sikilizeni pumzi, ipo upande usio wake! Nadharia ikaenea kama moto, na kadiri ilivyoenea ndivyo shemeji alivyotukanwa. Kila alichosema Kamanda, watu elfu wanajibu: bandia, bandia. Waliandika mpaka kwa wenye tamthilia kwamba wanamtaka wa kweli. Nami nilisoma kila usiku na kila asubuhi, sifichi, nikinywa maneno yao kama maji. Kuna watu elfu nne duniani waliokuwa wananidai bila kujua kwamba nipo.

Sehemu nne zilipopita, shemeji akaja. Jumamosi asubuhi, kakonda, macho mekundu. Hakukaa kwenye kochi, alikaa kwenye kigoda.

"Shemeji, nimekukosea. Naomba radhi."

"Umechelewa."

"Zimebaki sehemu sita. Nikiendelea hivi wananitoa. Nifundishe. Saa moja tu."

Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia, mpaka mke wangu akatoka chumbani. Hakumtetea. Alisimama tu mlangoni, halafu akasema polepole, "Mimi sina la kusema. Lakini ninyi wawili ndio nilio nao."

Nimwonee nani huruma? Nilikuwa tayari kumfungulia mlango atoke. Yule mpumbavu, ili kunionyesha anavyojitahidi, akasema mstari wa Kamanda pale pale kwenye kigoda: "Wapeni maji kwanza, mimi nitasubiri." Aliusema kwa ukali, kifua mbele. Nikaumia. Siwezi kueleza vizuri zaidi. Kamanda hasemi hivyo! Kamanda anaona aibu kutoa amri, ndiyo maana anapumua kwanza. Miaka mitano nimembeba, leo namwona anaburutwa mchangani mbele ya macho yangu.

"Nyamaza," nikasema. "Unamuua."

Nikazima friji ili pasiwe na mngurumo. Nikazima feni. Nikamsimamisha katikati ya sebule, nikamwonyesha. Ishushe kabla, siyo baada. Usiivute kifuani, iachie puani. Fikiria mtu anayejua kwamba akikosea watakufa wengine. Saa moja ikawa sita. Alikosea, nikamfokea, akarudia. Mke wangu alituletea chai, akaiacha ikapoa. Saa kumi jioni alisema ule mstari, nywele zikanisimama, kwa sababu alikuwa yeye, Kamanda, kasimama sebuleni kwangu na miguu ya mtu mwingine. Shemeji akalia. Na mimi, nisiwe mnafiki, nililia pia, na sehemu ya kilio ilikuwa furaha.

Sehemu ya tano ilipotoka, Profesa akaandika kwa herufi kubwa: KARUDI. Wa kweli kafunguliwa, nakala imekwisha, msikilizeni anavyopumua. Watu wakamshangilia Profesa kwa kuona mbali. Nikaweka simu chini. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, na nilidhani hayo ndiyo malipo yangu, nitayazoea.

Shemeji akapiga siku iliyofuata, sauti imejaa kicheko.

"Shemeji! Wamenithibitisha! Madamu kasema nitamaliza msimu, na msimu wa saba ni wangu, nimetia saini. Nakushukuru, wallahi nakushukuru. Tulikuwa pabaya. Wenye tamthilia walishachoka na yale matusi, walishamwambia Madamu nikiharibu na sehemu ya tano basi yaishe, warudishiwe yule yule wa zamani."

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nikauliza, "Nani wa zamani?"

Kicheko kikakatika.

"Shemeji," nikasema, "ulilijua hilo lini? Kabla ya kuja kwangu au baada?"

Nilisikia anapumua. Alikuwa anapumua vizuri, puani, taratibu, kama nilivyomfundisha.

"Mke wangu anajifungua mwezi ujao," akasema.

Nikakata simu. Mke wangu alikuwa anakunja nguo kitandani, akanitazama kwa yale macho yake ya kuogopa jibu.

"Kasemaje?"

Niliiweka simu dirishani.

"Mdogo wako anashukuru," nikamwambia. "Kasema wamempa na wa saba."

Akafumba macho, akashika kifua, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikakaa upande wa pili wa kitanda, nikachukua shati, nikaanza kumsaidia kukunja.