Tawi Lililogoma Kung'oka

Fundi alipoambiwa ashone mzabibu, aliuliza swali la kifundi: "Mzabibu wenyewe una upana gani?"

"Upana wa kwaya nzima," Mwinjilisti alimjibu, akaanza kusogeza vitambaa vilivyokuwa juu ya meza ya kukatia ili apate pa kuweka Biblia.

Mwinjilisti alikuwa mtu mwembamba mwenye maneno ya haraka. Jumapili iliyokuwa ikija, kanisa lingecheza igizo alilolitunga mwenyewe. Alilieleza lote akiwa amesimama, mikono ikichora hewani. Manabii wa kale, alisema, waliwaita watu wa Israeli mzabibu wa Mungu. Uling'olewa Misri, ukapandwa mahali pazuri, mawe yakaondolewa, ukuta ukajengwa. Mwenye shamba akaja akitarajia zabibu tamu, akakuta za porini, chungu kama dawa. Baadaye, katika Injili, Yesu akasema mzabibu wa kweli ni yeye, na watu wake ni matawi.

"Nimekuelewa," Fundi alisema. "Na shina atakuwa nani?"

"Shina hachezi mtu. Shina ni nguzo ya kanisa. Nikimpa mtu nafasi hiyo, kesho tutakuwa na vyama viwili na kampeni."

Wakakubaliana hivi: kila mwanakwaya atavaa vazi la kijani, mavazi yote yataunganishwa kwa utepe mpana wa pazia kuukuu la kahawia, na utepe utazungushwa kwenye nguzo. Tawi moja tu lingekuwa la gunia. Hilo ndilo tawi kavu, na lingeshikizwa kwa bandi, ule ushonaji wa muda ambao ukivuta uzi mmoja kitu kinaachia. Mkulima angelivuta, lingeng'oka, lingetupwa nje ya mlango, na watu wangerudi makwao wakitafakari.

Tatizo lilikuwa ni nani awe tawi kavu. Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji, alisema ana wakwe wanaokuja siku hiyo, asingependa wamkute akitupwa. Kijana wa ngoma akasema anatafuta mchumba, asiharibiwe soko. Hoja zikazidi kuwa nyingi kuliko matawi, mpaka mtu mmoja akataja jina la Bucha, na hoja zote zikaishia hapo.

Bucha alikuwa kaka yake Fundi, mwenye duka la nyama, mtu wa mwili na wa sauti. Sauti ndiyo iliyomponza. Zamani alikuwa kwenye kwaya, akiimba kwa moyo wote na kwa ufunguo wake mwenyewe, mpaka siku moja akaombwa kwa upole awe anafumbua mdomo tu bila kutoa kitu. Alifumbua mdomo Jumapili moja. Iliyofuata hakuja, na hakuja tena.

Walipomwendea na ombi lao, alicheka. "Mimi nilishakatwa siku nyingi," alisema. "Nina uzoefu."

Fundi naye alicheka. Lakini kesho yake mchana alikwenda kununua nyama, akakuta kaunta haina mtu. Akazunguka nyuma ya duka. Kaka yake alikuwa anajiangusha juu ya magunia, anainuka, anajipangusa, anajiangusha tena. Kisha akasimama wima akasema maneno yake ya kwenye igizo: "Mimi ni mkavu. Sina faida." Aliyasema polepole, bila mzaha, kama mtu anayetaja anwani yake.

Akageuka, akamwona. "Dada, nimeangukaje?"

"Umeanguka vizuri, kaka," Fundi alisema. Akarudi nyumbani na nyama yake, akaipika, akasahau chumvi.

Alasiri alikaa kwenye cherehani. Alipofika kwenye tawi la gunia, alitoa uzi wa kawaida akaweka uzi wa jinzi. Akapiga mshono mmoja, akarudia juu yake. Halafu akachukua sindano ya mkono akapita tena, sindano mbele, sindano nyuma, kama anashona begi la safari ndefu. Alijiambia kwamba gunia ni kitambaa kisichoaminika.

Jumapili kanisa lilijaa. Sehemu ya manabii ilikwenda salama. Zabibu chungu zilikuwa maputo, na lilipopasuka moja watoto wakashangilia wakidhani ni sehemu ya unabii. Kisha akaingia Mkulima. Huyu alikuwa mzee wa kanisa ambaye wote walimwita Mzee Itifaki, kwa sababu hakuna kikao alichoruhusu kianze kabla hajauliza nani amekifungua. Alivaa kofia pana na mabuti, akakagua matawi ya kijani akitikisa kichwa kwa kuridhika, akafika kwenye gunia.

"Mimi ni mkavu," Bucha alisema. "Sina faida."

Mzee Itifaki akalishika gunia akavuta. Halikutoka. Akavuta tena kwa mikono miwili.

"Toka," alinong'ona.

"Nitokeje, mzee? Nimeshonwa."

Kicheko kikaanzia viti vya nyuma. Mzee Itifaki hakuwa mtu wa kushindwa na nguo mbele ya watu. Akawaita wahudumu wawili wa mlangoni, wakashika gunia, wakavuta kwa pamoja. Tawi kavu likasogea kidogo, na kwaya nzima ikasogea nalo, mavazi yakiwa yameungana kama mabehewa. Mama Kwaya akagonga nguzo kwa kiwiko.

"Acheni kumvuta," alisema akihema. "Mkimvuta yeye mnatuvuta wote."

Wakavuta mara ya mwisho. Kitu kikachanika kwa mlio mrefu, Fundi akafumba macho. Alipofumbua, gunia lilikuwa palepale. Iliyochanika ilikuwa suruali ya Mzee Itifaki, nyuma, kuanzia kiunoni kwenda chini. Haikuwa kazi ya mkono wa Fundi. Hilo angeweza kuliapia.

Bucha akatazama nguzo, akatazama watu. "Mkulima," alisema kwa sauti yake yote, "naona shina halijakubali."

Kanisa likaangua kicheko. Mwinjilisti alikuwa ameshika kichwa, lakini kichwa chenyewe kilikuwa kinafanya kazi. Akapanda mbele, akainua mkono.

"Ndugu zangu, tumezoea kusoma kwamba tawi lisilozaa mkulima huliondoa. Wako walimu wanaosema neno lile la Kiyunani laweza pia kusomeka kwamba huliinua. Tawi limelala kwenye matope, analiinua, analifunga juu, jua lilifikie." Akaongeza, kwa kuwa alikuwa mkweli: "Wengine hawakubaliani nao. Lakini leo usomaji wa kwanza tumeujaribu, mmeona wenyewe. Kwaya, mwinueni."

Wakajaribu. Bucha alikuwa mzito kama ng'ombe wake. Walimpandisha kiasi cha kupitisha kitabu cha nyimbo chini ya viatu vyake, wakamtua. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea kidogo.

Watu walipotawanyika, Fundi alikaa na kaka yake kwenye benchi, akifumua mshono kwa wembe. Mzee Itifaki akaja, koti amelifunga kiunoni.

"Fundi, tulisema bandi."

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo ni bandi?"

"Uzi ulinizidi nguvu kidogo, mzee."

Mzee alimtazama, akamtazama Bucha, akakohoa. "Kesho nitakuletea suruali. Tumia uzi huohuo."

Mama Kwaya naye alipita na mkoba wake begani. Alisimama, akawa kama anatafuta funguo. "Mazoezi ni Alhamisi jioni," alimwambia Bucha, akaenda zake kabla hajajibiwa.

Ndugu wawili wakarudi kwa miguu, gunia limekunjwa kwapani. Barabara ilikuwa na jua kali na watu wachache. Wakatembea mpaka mbele ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Dada, umewahi kuchuma zabibu kwenye mti wake?"

"Nimeziona kwenye boksi la juisi. Wewe?"

"Mara moja. Nilikuwa mdogo, nilitumwa na baba mahali."

"Zikoje?"

Bucha alifikiri mpaka wakafika kwenye kona. "Sikumbuki," alisema. "Nilizimeza haraka, mwenye shamba alikuwa anakuja."